Nataka kuanza vikao na kaunsela wa Kenya nikiwa Dubai. Nianzie wapi?

SojaWaUsiku, Dubai

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Kwa kawaida mie husoma tu humu. Leo naandika kwa sababu huku sina wa kumuuliza bila kesho yake kuulizwa mie.

Kazi yangu ni usoja. Nalinda jengo la fleti Al Barsha, zamu ya usiku, saa moja jioni hadi saa moja asubuhi, na nalala Sonapur kwenye kambi ya kampuni, chumba cha vitanda sita. Kwetu ni Kilifi, mke na watoto wako huko. Kisa chote sitakieleza hapa. Kwa ufupi, kijana wa pikipiki za kupeleka chakula aligongwa mbele ya geti langu. Nikakaa naye pale chini mpaka ambulensi ikafika, sanduku lake limepasuka, biriani ya watu imemwagika lami yote na bado yatoa moshi. Hakuishi. Supavaiza akaja na karatasi ya ripoti, nikajaza saa, mahali na nambari ya gari, nikatia sahihi, zamu ikaendelea.

Tangu hapo usingizi wa mchana umenihama. Breki ikilia nashtuka mwili mzima, na geti langu liko kando ya barabara kubwa, basi ni breki usiku kucha. Biriani hainipiti kooni. Mke wangu asema siku hizi nimekuwa mkavu kwenye simu, nami nashindwa hata pa kuanzia kumweleza.

Nimeamua kutafuta kaunsela wa kulipia mwenyewe, kwa mtandao. Huku wapo, lakini mahali nilipouliza walinitajia dirhamu 500 kwa kikao kimoja. Mshahara wangu ni elfu mbili na ushee, na zaidi ya nusu huenda nyumbani. Tena huku ningelazimika kusema kwa Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha getini, cha kumwomba mtu kitambulisho na kumwonyesha maegesho. Nataka mtu wa Kenya.

Sasa mliofanya hivi mnisaidie. WhatsApp huku haipigi simu, wengine wanatumia VPN, ile programu ya kukwepa vizuizi vya mtandao, nasikia ni kosa. Nitaongea naye kwa njia gani? Na niongelee wapi? Chumbani Wanepali wawili na Mghana hata nikilia kwa sauti hawatajua nasema nini. Shida ni Mganda, ambaye Kiswahili anakisikia kuliko anavyojifanya, na huyu mwenzangu wa Malindi ambaye shangazi yake ni jirani wa wakwe zangu. Habari za chumba chetu hufika Kilifi kabla ya pesa tunazotuma.

Jambo jingine ni kazi. Soja wa Dubai anafanya kazi kwa leseni ya SIRA, mamlaka ya huku inayosimamia kazi za ulinzi. Nikionekana natibiwa mambo ya kichwa, itafika kwa kampuni? Na la mwisho, nitamjuaje kaunsela wa kweli? Facebook kuna bwana anajiita daktari wa nafsi, picha ana stethoskopu shingoni, ataka nilipe vikao kumi kwa mkupuo ndipo anipangie siku.

MamaKei, Abu Dhabi

Kaka pole sana. Pole kwa kijana wa watu na pole kwako.

Mimi ni Mtanzania, niko idara ya kufua nguo hotelini, na nilikuwa na vikao na mshauri nasaha wa Dar es Salaam nikiwa hukuhuku. Yalikuwa mambo ya ndoa, tuyaache. Nakujibu yale niliyoyapitia.

Simu kwanza. WhatsApp ujumbe unapita na sauti za kurekodi zinapita, kupiga ndiyo haiwezekani. Google Meet inapita, Zoom inapita, Microsoft Teams inapita, zote bila VPN. Sasa angalia hapa: Zoom ya bure inakata dakika 40, na kikao ni dakika 50 au saa nzima. Ndio kwanza umefika kwenye jambo lenyewe, mmekatika, unaanza kutafuta linki upya huku machozi yanakutoka. Muulize kama analipia Zoom yake. Kama halipii, tumieni Meet, watu wawili haiwakati hata mkiongea asubuhi mpaka jioni. Botim, programu nyingine ya kupiga simu, nayo ni halali huku, ila mshauri wangu hakuitaka kwa sababu ilibidi naye aipakue na aijue.

VPN achana nayo kabisa. Sheria ya makosa ya mtandao ya mwaka 2021 inamkamata anayeitumia kutenda kosa au kuficha kosa, na faini yake inaanzia dirhamu 500,000. Yaani mimi na wewe na chumba chako chote tukichanga mpaka tustaafu haifiki.

Mahali: tembea. Nasema kweli. Weka hedifoni sikio moja, simu mfukoni, kamera umeizima, tembea. Huku kila mtu ana simu sikioni anaongea na kwao, kwa lugha zote za dunia, wengine wanagombana, wengine wanalia, hakuna anayegeuka kutazama. Mimi nilikuwa natembea Corniche, ile njia ya ufukweni Abu Dhabi. Wewe uko Sonapur, panda basi mpaka Al Nahda, kuna ile Pond Park, zunguka bwawa. Kikao cha kwanza tu ndicho mshauri wangu alitaka anione uso, nikakaa kwenye benchi nimeupa ukuta mgongo.

Kiangazi usijaribu nje, utazimia bure. Mimi nilihamia kwenye meza za chakula za duka moja kubwa, pembeni kabisa, saa nne asubuhi kabla watu hawajajaa. Makelele ya mashine ya kahawa yanasaidia kuliko ukimya wa chumbani. Na intaneti ya kambi usiitegemee jioni, wote wanapiga kwao saa ileile. Nunua bando lako.

MzeeKibanda, Mombasa

Kijana, mambo ya kulipa mtu akusikilize yametoka wapi? Mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilipozama, watu 272 walikufa. Mie nilikuwa miongoni mwa waliovuta maiti ufuoni, wengine nawajua kwa majina. Ilikuwa Ijumaa. Jumatatu tulikuwa kazini bandarini. Hakuna aliyetuita kikaoni. Kivuko kile sikukipanda tena, lakini watoto nimelea na nyumba nimejenga. Sali, ufanye kazi, umwogope Mungu. Pesa hizo mpelekee mkeo.

KaunselaNakuru

Shikamoo Mzee Kibanda. Sitabishana nawe. Siku ile mlipaswa kuitwa, hamkuitwa.

SojaWaUsiku, mimi ni kaunsela, nafanya kazi Nakuru, na sitafuti mteja hapa. Nakujibu la usajili kwa sababu watu wengi wanaliwa pesa zao papo hapo.

Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, na kuna Bodi yake inayosajili na kutoa leseni. Mtu yeyote unayetaka kumlipa, muulize nambari yake ya usajili na kama leseni yake ni hai, kisha uiulize Bodi yenyewe kama jina hilo wanalo. Kaunsela halisi hakasiriki kwa swali hilo. Mimi hufurahi nikiulizwa, maana najua huyu mtu yuko makini. Huyo wako wa stethoskopu, anayetaka vikao kumi kabla hajakusikia hata jina, mwache. Kaunsela hapimi mapigo ya moyo, stethoskopu ni ya nini? Lipa kikao kimoja kimoja. Mkishazoeana, ukitaka kulipa vinne pamoja ni hiari yako.

Bei zinatofautiana. Mimi hutoza shilingi 2,500, Nairobi utakuta hata 5,000 na kuendelea. Hiyo yangu kwa dirhamu ni kama sabini na kitu kwa viwango vya sasa. Usione haya kuuliza kama kuna punguzo, wengi tunaweka nafasi chache za bei ya chini na hatuzitangazi. Uliza pia kama atakupa dakika kumi na tano za bure mjuane kabla. Ukimsikia tu na moyo ukakataa, tafuta mwingine, hutamkosea heshima.

Kwa ulivyojieleza, muulize moja kwa moja: umewahi kufanya kazi na watu walioshuhudia ajali au kifo? Si kila kaunsela ana mafunzo hayo. Wapo wa ndoa, wapo wa ulevi, wapo wa vijana. Mwenye mafunzo ya mambo haya hatakulazimisha usimulie usiku ule siku ya kwanza. Ataanza na usingizi wako, na namna ya kuutuliza mwili breki inapolia, na kisa chenyewe mtakiingia polepole ukiwa tayari. Ukiona mtu anakuchimba kisa dakika ya tano, una haki ya kumsimamisha. Jina la ugonjwa sitakupa kwa maandishi haya, na asikupe mtu yeyote hapa.

Kabla ya kikao cha kwanza atakutumia fomu. Isome. Itasema siri zako zinalindwa na itasema lini hazilindwi, yaani kukiwa na hatari ya maisha, yako au ya mtu mwingine. Atakuuliza kama umewahi kufikiria kujiua. Usishtuke, humuuliza kila mtu. Atakuuliza pia nambari ya mtu aliye karibu nawe hapo Dubai, na hapa ndipo walio nje ya nchi hupaacha wazi. Jaza. Ambulensi ya Dubai ni 998 na polisi ni 999, lakini mimi nikiwa Nakuru nikibonyeza nambari hizo hazifiki Dubai. Nikikuona umezidiwa kwenye kioo, sina mkono wa kukufikia ila wa mtu huyo. Si lazima ajue tunaongea nini. Ajue tu kwamba nikimpigia, aje mlangoni kwako.

Kuhusu kazi: kaunsela wa Kenya hana ripoti anayopeleka kwa kampuni yako wala SIRA. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti, na hawezi kuzigawa kama njugu. Muulize maandishi yake anayaweka wapi, na mwambie hutaki kikao kirekodiwe. Upande wako, usitumie simu ya kampuni, barua pepe ya kampuni, wala intaneti ya ofisi. Habari nyingi huvujia huko, kaunsela hana habari.

Na mtafute mtu asiye wa Kilifi. Pwani ni ndogo. Mtu wa Eldoret au wa Machakos hamjui mkweo.

KijanaMtwapa

Kaka kwani lazima maneno? Kuna jamaa anakuja huko mwezi ujao, mpe mtu akununulie valiamu dukani huku akuletee. Unalala kama mtoto.

DukaLaDawa, Sharjah

Usithubutu! Nafanya kazi kwenye famasi huku na jambo hili naliona. Valiamu na jamaa zake wote wako kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa Emirati. Tramadoli hali kadhalika. Kuziingiza kunahitaji cheti cha daktari na kibali cha serikali ya huku kwa jina la mgonjwa mwenyewe, hata kama Kenya umenunua dukani bila swali. Huyo mbebaji akifunguliwa begi uwanja wa ndege, kesi ni yake, na wewe uliyeagiza unatajwa.

Ndugu wa Al Barsha, kaunsela hatakuandikia dawa, si kazi yake. Kama usingizi umekataa kabisa, una kadi ya bima, Dubai mwajiri analazimika kukukatia. Nenda kwa daktari wa kawaida kwenye kliniki iliyo kwenye orodha ya kadi yako. Mwambie unafanya kazi usiku na mchana hulali. Hiyo ni kweli tupu, na nusu ya masoja wa mji huu wanayo. Akuangalie na presha, na kahawa unayokunywa. Unakunywa vile vinywaji vya kopo vya kuamsha mwili?

SojaWaUsiku

Nimesoma yote kwenye basi la kurudi kambini. Mungu awalipe.

Mzee Kibanda, shikamoo. Msikitini naenda, hapa Sonapur. Imamu ni mtu mpole, Urdu yake nzuri sana, mie naambulia amina. Pesa za mke wangu hazijapungua, hizi natoa kwenye sigara. Na Mtongwe marehemu babu yangu alikuwa akiitaja. Nimekusikia.

KijanaMtwapa, asante, hapana.

DukaLaDawa, ndio, makopo mawili kwa zamu, wakati mwingine matatu kukicha. Nilikuwa sijayahesabu kwenye hesabu ya usingizi. Nitaenda kliniki.

KaunselaNakuru, nimempata mama mmoja wa Eldoret. Nambari alinipa kabla sijamaliza kuuliza, nimeipeleka Bodi, jina lipo. Amewahi kufanya kazi na madereva wa malori ya barabara ya kwenda Malaba. Aliposema hivyo nikaona huyu atajua breki ni kitu gani. Bei yake ni 3,000, amenipunguzia hadi 2,000, nitalipa kwa M-Pesa, laini yangu ya Safaricom bado iko kwenye simu hii. Zoom halipii, basi tumekubaliana Meet. Mtu wa karibu nimemwandika yule Mghana. Nilimwambia tu kuna mama Kenya anaweza kukupigia siku moja, ukimsikia njoo unitafute. Akajibu sawa, akarudi kwenye mpira wake.

Kimebaki kitu cha saa. Mie nilitaka kikao kiwe asubuhi nikitoka zamu, saa mbili, nimalize nilale. Kwao ni saa moja, amesema anaweza lakini hapendi. Na huyu wa Malindi ameshaanza kuniuliza nanunua bando kubwa la nini. Nimwambie nini?

KaunselaNakuru

Msikilize. Baada ya saa kumi na mbili za kusimama hutabaki na nguvu ya kufungua jambo zito, na ukishalifungua hutalala, utalikodolea macho dari mpaka basi la jioni. Wala usiweke alasiri kabla ya zamu, utaenda kusimama geti lilelile nalo bado liko juu juu. Weka siku yako ya mapumziko, baada ya kulala, na mbele yake uwe na saa kadhaa za kufanya jambo jepesi. Kama siku ya mapumziko inahamahama kwa ratiba, mtumie ratiba kila inapotoka. Wauguzi wanafanya hivyohivyo na tunawapangia.

MamaKei, Abu Dhabi

Yaani Mghana kakubali bila hata swali moja! Ningekuwa mimi ningeuliza mpaka jina la mama.

Kuhusu huyo wa Malindi, mwambie una simu ya nyumbani, basi. Eldoret si nyumbani? Usianze kutunga darasa la Kiarabu wala biashara ya mtandaoni, kesho atataka kujiunga nayo. Na siku ya kwanza toka na begi la kwenda kutuma pesa, kila mtu huku anatoka siku ya mapumziko kwenda kutuma pesa, hakuna safari isiyoshukiwa kama hiyo.

Kingine, chaji simu usiku wa kuamkia kikao na ubebe kibenki chako cha chaji. Meet inakula betri vibaya, hasa ukiwa kwenye jua. Fika bustanini robo saa kabla, fungua ile linki uone inakubali, maana mara ya kwanza itakuomba ruhusa ya maikrofoni na utababaika. Na maji. Mimi sikubeba maji, nikamaliza kikao koo limekauka hata kumwambia mtu "asante" sauti haitoki.

SojaWaUsiku

Basi ni Jumatano, saa tano asubuhi yangu, saa nne yake. Pond Park nimeshaenda kuiangalia, upande wa mbali na barabara una benchi mbili chini ya mti. Hakuna breki inayofika pale.